Mnara wa Bi Harusi

"Mbona tupu?"

Mzee Famau alilishika bakuli la mkewe kwa mikono miwili, akachungulia ndani, akaligeuza juu chini, kisha akamtazama Carolyne Mutheu kama mtu aliyetukaniwa ukoo mzima. Walikuwa garini mbele ya ofisi yao Deira, mchana wa Ijumaa moja ya Novemba 2014. Mzee ametoka msikitini, kanzu yake bado ina mikunjo ya kusujudu. Carolyne ametoka kanisani na gauni lake la kitenge. Dubai ya miaka ile Ijumaa ilikuwa ya wote: anayeswali aswali, anayeimba aimbe. Ila wapelelezi wa bima simu ikilia huacha vyote, wakaenda.

"Nimeliosha vizuri, Mzee."

"Naona limeoshwa. Nauliza mbona tupu."

"Si biriani iliisha? Mwambie mama nilikula yote, asante sana."

"Lahaula!" Mzee alilitia bakuli kwenye kiti cha nyuma taratibu, kama anayelaza mgonjwa. "Binti, chombo cha watu hakirudi kitupu. Tia ndimu. Tia sukari kidogo. Hukuwa na hata kitunguu huko kwako Karama? Mke wangu atauliza amekukosea nini."

"Kwetu Machakos ukirudisha sufuria safi unaombewa baraka."

"Ndiyo maana mmekonda. Haya washa gari, twende tukaamue vita vya msalaba."

Carolyne alicheka, akawasha. Alimpenda mzee huyu wa Lamu na maneno yake, ingawa asingemwambia hata kwa fimbo.

Vita vyenyewe vilikuwa Dubai Marina, katika ukumbi wa ghorofa ya pili wa hoteli moja, ambapo tajiri mmoja mwenye asili ya Unguja, kwa jina Sultan Muhanna, alikodi nafasi akaweka maonyesho ya vitu vyake vya kale: panga, deraya, kofia za chuma na vyombo vya zama zile Wakristo wa Ulaya na Waislamu wa Sham walipogombania Yerusalemu. Kitu kimoja kilikuwa kimetoweka. Ufunguo wa kabati lake la kioo alikuwa nao mlinzi mmoja tu. Kampuni ya bima ilitaka watu wake wafike kabla ya polisi.

Ukumbi ulikuwa umefungwa kwa mapumziko. Sultan Muhanna aliwapokea mlangoni na kandura, kanzu ya huko, nyeupe pe, simu inalia mkononi, anaizima, inalia tena. Alikuwa mtu mzima mwenye sura ya upole aliyeamua leo kuwa mkali.

"Niwieni radhi. Leo namwoza binti yangu. Nyumba Rashidiya imejaa wanawake, mimi mwenyewe nimefukuzwa kwangu tangu alfajiri. Na katika siku zote, mtu ananiibia leo!"

"Kimeibiwa nini hasa?" Carolyne aliuliza.

"Chetezo."

Carolyne alimtazama Mzee Famau. Chetezo alikijua, kile chombo cha kufukizia udi; kwa Mzee kilikuwapo sebuleni, mguu mmoja umeungwa kwa waya.

"Si chetezo cha dukani, dada," alisema kijana mwembamba wa miwani aliyekuwa nyuma ya Sultan. Huyu ndiye Hazim, mtaalamu wa vitu vya kale aliyepanga maonyesho. Baba yake na mama yake Waunguja, yeye kazaliwa hapo hapo Dubai. Alimwonyesha picha. Kilikuwa kidogo, cha shaba iliyotiwa fedha, kina miguu mitatu na kifuniko cha kuba. Ukingoni pamezunguka dua kwa Kiarabu. Na tumboni, chini ya dua ile, amekaa Bibi Mariamu na mwanawe mapajani.

"Ngoja," Carolyne alisema. "Huyu ni Maria wetu?"

"Ndiye."

"Na hii ni dua yenu?"

"Ndiyo. Fundi Mwislamu, na mteja huenda alikuwa Mkristo. Walipigana, dada, lakini sokoni walikutana."

"Kama mimi na wewe, Mzee," Carolyne akasema.

"Mimi na wewe tunapigana tu," alijibu Mzee Famau. "Sokoni hujanipeleka."

Hazim alieleza kwa ufupi. Maonyesho yalifungwa jana Alhamisi jioni, yangefunguliwa tena kesho Jumamosi. Leo hakuna aliyetarajiwa ila mlinzi wa zamu. Lakini yeye alikumbuka kwamba hajapiga picha nzuri za kofia za chuma, akaja asubuhi, akakuta kioo kimefungwa vizuri na ndani yake hamna kitu. Kamera ya ukumbi ilikuwa imeelekezwa kwenye upanga mkubwa, ndio wenye thamani kubwa. Kamera ya ujia ilimwonyesha mlinzi Linus Wafula akitoka jana jioni na mfuko wake wa chakula, kama kila siku.

"Kuna mtu mwingine aliyekitamani?" Mzee aliuliza.

"Rafiq," Hazim alijibu mara moja. "Ana duka la shaba Deira. Ametaka kukinunua zaidi ya mara moja. Na jana alikuja, akasimama mbele ya kioo mpaka nikamsalimu mimi."

"Na kabla ya kuja kwenye kioo, chetezo kilikuwa wapi?"

Sultan alicheka kwa uchungu. "Jikoni kwa mama! Nilikikuta karibu na mkaa, anachomea udi kana kwamba ni kopo la maziwa. Nilikitoa mwenyewe. Mama anashikilia kwamba kilitoka katika harusi ile." Alinyoosha kidole ukutani.

Ukutani paliandikwa kwa lugha tatu, moja Kiswahili, kwa kuwa Sultan hakuwa mtu wa kusahau kwao. Carolyne alisoma. Inasimuliwa kwamba Salahuddin, jemadari wa Waislamu, alipoizingira ngome ya Wakristo ya Karak, ndani palikuwa na harusi ya kijana wa Kifaranji. Mawe yanarushwa, ngoma zinapigwa. Mama wa bwana harusi akapakua vyakula vya karamu, akampelekea Salahuddin nje ya kuta. Salahuddin akauliza maharusi wako mnara gani. Alipoonyeshwa, akawaamuru watu wake mnara ule usiguswe hata kwa kokoto. Minara mingine ikaendelea kupigwa.

"Chetezo kilitengenezwa miaka sitini baada ya harusi hiyo," Hazim alisema, akikohoa kwa adabu.

"Nilimwambia mama hivyo hivyo," Sultan akasema. "Akanijibu, basi kilichelewa njiani."

Mzee Famau alicheka mpaka akajishika ubavu. Carolyne yeye alikuwa ameshapiga magoti mbele ya kioo. Chetezo kilikuwa kimesimama juu ya mahameli nyekundu, na miguu yake mitatu imeacha mashimo madogo. Aliweka karatasi laini juu yake, akabonyeza kwa kidole, akatia nukta ya kalamu kwenye kila shimo. Nukta tatu, pembe tatu. Akaikunja karatasi, akaitia mkobani.

"Bwana Sultan," alisema akiinuka, "utatupa muda gani?"

"Mpaka adhana ya magharibi. Baada ya hapo nina wageni, nina binti wa kumwoza. Ikisomwa adhana kama chetezo hakipo, nawapigia polisi simu, wamchukue mlinzi. Mimi si mtu mbaya, dada. Lakini kijana hataki kusema hata neno. Nifanyeje?"

Linus Wafula alikuwa amefungiwa katika chumba cha walinzi, karibu na stoo ya mashuka. Lilikuwa jitu la Bungoma lenye mabega ya kubeba mlango, limekaa kwenye kistuli kidogo, kofia ya kazi juu ya goti. Vitu vyake vilikuwa vimepangwa mezani: taulo, Biblia ndogo, mfuko wa kitambaa, na hotpoti, ile kubwa ya chuma ambayo Wakenya wa kazi za ulinzi hubebea chakula.

"Umekula, Linus?" Carolyne aliuliza.

"Sijaskia njaa, madam."

"Ufunguo wa kioo ni wako?"

"Ni wangu."

"Ulikifungua?"

Linus aliigeuza kofia juu ya goti.

"Linus, naongea na wewe."

"Madam, uongo sitakuambia. Na ukweli siwezi kukuambia. Ngojeni tu kesho asubuhi."

"Kesho asubuhi utakuwa ndani! Unajua hapa ni wapi? Hapa si Bungoma, utoke kwa dhamana ya mjomba. Ukitiwa ndani hapa, kazi imeenda, viza imeenda."

"Najua."

"Unamwogopa nani?"

"Simwogopi mtu." Alikuwa anakiangalia kile kikofia chake. "Niliahidi."

"Uliahidi nini? Uliahidi nani?"

"Madam, nikikuambia hivyo si nimeshavunja?"

Mzee Famau alitikisa kichwa kwa namna ambayo Carolyne aliijua: alikuwa ameshampenda kijana, na kwa hiyo ameshakasirika. Carolyne alifungua hotpoti. Harufu ya iliki ilimpanda puani. Ilikuwa imejaa visheti mpaka juu, vile vitamu vidogo vya kukaangwa na kuvingirishwa katika sukari, vimepangwa safu kwa safu, na juu pamefunikwa leso safi.

"Hivi umenunua wapi?"

"Nilipewa."

"Na nani?"

Safari hii macho ya Linus yalikwenda kwenye hotpoti, yakarudi haraka gotini. Carolyne aliliona hilo. Aliinamisha hotpoti, akavimimina visheti vyote juu ya taulo, akachungulia sakafu ya chuma. Palikuwa na mikwaruzo mitatu mipya. Alitoa karatasi mkobani, akaiweka juu yake. Nukta tatu zilikaa juu ya mikwaruzo mitatu bila kukosea.

Carolyne alitamani karatasi ile isingekaa.

"Mwanangu," Mzee Famau alisema polepole, "chetezo kilitoka humu."

Linus alifuta uso kwa kiganja. "Kesho asubuhi, Mzee. Nawaombeni."

Walibeba hotpoti pamoja na visheti vyake kama ushahidi. Garini walikuwa wanapita Karama.

"Amekitoa yeye," Mzee akasema. "Kilichobaki ni kujua kakiuza kwa nani. Twende kwa Rafiq."

Rafiq alikuwa mzaliwa wa Mombasa, mnene, mcheshi, na duka lake lilijaa mabirika na sinia mpaka mteja aliingia kwa ubavu. Aliposikia kilichotokea alijipiga kiganja juu ya paji la uso.

"Kimeibiwa? Masikini! Ndiyo, nilikitaka. Nani asikitake? Lakini kununua kitu ambacho picha yake imebandikwa kila kituo cha metro? Bwana Famau, mimi mnene, sikusema mimi mjinga. Ingieni, fungueni kila sanduku."

Walifungua. Mzee alipekua upande, Carolyne upande. Vyetezo vilikuwa vingi, vya Misri, vya India, vipya vinavyometa, vya zamani vilivyoiva. Cha Mariamu hakikuwapo.

"Siku hizi watu wanapenda sana vyetezo," Rafiq alisema, akiwamiminia chai ya maziwa. "Majuzi alikuja bibi mmoja, Kiswahili chake cha Unguja kitamu, mpaka nikakumbuka nyumbani. Anataka kidogo, cha miguu mitatu, cha kifuniko. Nikamtolea vyote nilivyo navyo. Unajua alifanya nini? Akavinusa! Kimoja baada ya kimoja. Halafu akaniambia, 'Mwanangu, changu kinanuka bibi zangu. Hivi vyako vinanuka duka.' Akaondoka na dereva wake. Nilicheka siku nzima."

Carolyne naye alicheka. Alikuwa bado anacheka waliporudi garini, akarusha mkoba kiti cha nyuma, ukagonga bakuli la mke wa Mzee, bakuli likalia ngaa.

Akaacha kucheka.

"Mzee. Bakuli."

"Yarabi, nimeshakusamehe! Nitamwambia liliibiwa."

"Si hivyo. Hotpoti ilitoka hotelini na nini?"

"Na chetezo. Tumekwisha kuthibitisha."

"Na ilirudi na nini?"

Mzee Famau aligeuka akaitazama hotpoti iliyokuwa imekaa nyuma pale karibu na bakuli. Kisha akajipiga kibao pajani.

"Visheti! Chombo hakikurudi kitupu!"

"Mwizi akipewa kitu na mwizi mwenzake, anapewa noti. Harudishiwi hotpoti imepangwa visheti safu safu na leso juu. Huyo aliyepokea chetezo ni mtu wenu wa pwani, Mzee. Mtu mzima, mwanamke, na ana adabu kama za mama mwenye bakuli hili. Kwake hakuna wizi. Ameazima."

"Na aliyeazima anarudisha."

"Kesho asubuhi. Kabla ukumbi haujafunguliwa. Ndilo neno pekee Linus analolijua."

"Sasa nani huyo anayeazima chetezo cha Sultan Muhanna?"

"Mwenyewe," Carolyne alisema. "Bibi anayenusa. Kilikuwa jikoni kwa nani? Na leo nyumba gani ina harusi, na nyumba hiyo Bwana Sultan amefukuzwa tangu alfajiri?"

Mzee alianza kucheka kicheko kisicho na sauti, tumbo tu likitikisika. "Kiko kwake! Amekitafuta Dubai nzima, na kiko chini ya paa lake, kwenye chumba ambacho mwanamume hatii mguu. Binti Mutheu, wallahi ungezaliwa Lamu ungekuwa kadhi."

"Funga mkanda. Jua hilo linashuka."

Rashidiya taa za rangi zilikuwa zimeshawashwa juu ya ukuta. Upande wa wanaume palisimamishwa hema. Upande wa pili, mlango wa pembeni wenye pazia, na viatu vya kike vimejaa hadi njiani. Mzee Famau alisimama hatua kadhaa kabla ya pazia lile, akakunja mikono.

"Mimi kituo changu hapa. Ukiniona ndani ujue nimekufa. Nenda, mwanangu. Nitamshika Sultan kwa maneno, lakini adhana siwezi kuishika."

Carolyne alivua viatu, akaingia. Hakuna aliyemuuliza yeye nani. Siku ya harusi mwanamke aliyevaa vizuri ni mgeni. Mmoja alimpa juisi ya ukwaju, mwingine akamtilia kikuba cha asumini kifuani, wa tatu akamsukuma mbele: "Pita, mwaya, ndiyo anafukizwa." Alijikuta katika chumba cha ndani chenye moshi mwepesi, mtamu, uliomwingia mpaka kooni.

Bi harusi, Mawadda, alikaa juu ya kiti cha matundu, kajitanda kanga mpya, nywele zimeachiwa. Chini ya kiti, juu ya sinia, kilikuwapo chetezo. Mariamu na mwanawe walitazama nje ya moshi kama watu waliozoea. Aliyeshika koleo na kuongeza udi alikuwa bibi mdogo wa umbo, mwenye miwani iliyoshuka puani. Huyu alikuwa Bi Kuruthum, mama wa Sultan, na alikuwa anasoma dua taratibu.

Carolyne alipiga magoti karibu yake. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Wewe wa nani?"

"Bibi, mimi natafuta hicho chetezo."

Koleo lilisimama hewani. "Sultan kakutuma?"

"Nimetumwa na bima."

"Bima ndiye nani? Naye anaoza?"

Wanawake walicheka. Carolyne naye alitamani kucheka, lakini nje mtu alikuwa anajaribu kipaza sauti cha msikiti.

"Bibi, asubuhi wamekuta kioo kitupu. Linus amefungiwa chumbani tangu hapo. Ikiadhiniwa magharibi, mwanao anawaita polisi."

Bi Kuruthum alivua miwani. "Linus? Yule kijana wa mlangoni? Si kesho ndiyo nakirudisha? Kawaambia nini?"

"Hajasema chochote. Hajakutaja. Tumembana, tumemtisha, mimi mwenyewe nimemtisha. Anasema aliahidi."

Yule bibi aliweka koleo chini. Machozi yakamtoka hapo hapo mbele ya wageni wake, wala hakuyaficha. "Nilimwapisha mie. Jana nilikwenda kukitazama chetezo changu, nimesimama mbele ya kioo kama niliyekwenda kumwona mfungwa. Watu wanapita. Yeye akaniletea kiti. Akaniuliza, bibi, unalia nini? Nikamweleza. Kila bi harusi wa nyumba hii kafukizwa humu, toka kwa bibi wa bibi yangu. Akaniambia, nami nimelelewa na bibi. Akatoa ufunguo. Nikamwambia uape hutamwambia mwanangu. Akaapa, na jioni akaniletea ndani ya hotpoti yake. Ya Rabi, na mie nimekaa hapa nala visheti!"

"Bibi, inuka uende," Mawadda alisema kutoka juu ya kiti chake. Alikuwa na hina mpaka viwiko na sauti ya mtu aliyezoea kutii, lakini safari hii aliamuru. "Nenda nacho. Mie nitangoja hapa hapa, wala sishuki."

"Nipeni buibui langu," Bi Kuruthum akasema.

Alitoka na chetezo juu ya sinia, bado kinafuka. Carolyne alimshika kiwiko. Kwenye pazia Mzee Famau alikuwa anamweleza Sultan habari ndefu ya ng'ombe aliyepotea Lamu, na Sultan alikuwa anamsikiliza kwa adabu huku kidole kiko juu ya simu. Alipomwona mama yake, simu ilishuka yenyewe. Alipokiona kilicho juu ya sinia, akaruka.

"Mama! Moto! Kimetiwa moto! Mama, hicho ni cha zama za Vita vya Msalaba!"

"Na mimi ni wa zama za kukuzaa. Hiki cha nani?"

"Mama, fedha yake itaungua..."

"Sultan. Hiki cha nani?"

Wanaume kwenye hema waligeuka. "Chako, mama," Sultan alijibu.

"Basi aliyekiiba nani? Maana naambiwa kuna mwizi."

"Ungeniambia tu, mama. Ungeniomba."

"Nilikuomba Ramadhani. Nilikuomba tena mwezi uliopita. Ukasema moshi utakiharibu. Nikaenda mpaka Deira kutafuta kingine, mtu mzima mimi, nanusa mashaba ya watu. Mtoto wa watu asiye dini yangu wala damu yangu kanipa kiti, kanipa chetezo changu, na leo amefungwa kwa kulinda siri yangu asijue mwanangu! Unataka nimwoze Mawadda kwa dhambi hiyo?"

Adhana ilianza, msikiti wa karibu kwanza, kisha wa mbali. Carolyne aliona kidole cha Sultan bado kiko kwenye simu, akaogopa.

"Bwana Sultan," alisema, "ukutani kwako umeandika habari ya mnara mmoja. Salahuddin aliuliza bi harusi yuko wapi kabla ya kurusha jiwe. Nawe uliza. Yuko nyuma ya pazia hilo, nywele nusu zimefukizwa nusu bado, na amesema hashuki."

Sultan alimtazama. Halafu alimtazama mama yake, akapiga magoti na kandura yake nyeupe pale juu ya viatu vya wanawake, akaubusu mkono ule ulioshika sinia.

"Nisamehe, mama. Rudi ukamalizie. Kila harusi kitakuja nyumbani, nitakileta kwa mikono yangu mwenyewe."

"Na kijana?"

Alipiga simu hotelini mbele yao wote, sauti kavu. Mlinzi Linus Wafula hakuiba kitu. Mwenye mali aliichukua mali yake. Afunguliwe mlango, na kesho akae pale pale mlangoni kwake.

"Na mwambie aweke kiti," Bi Kuruthum akasema, akageuka kurudi ndani. Kwenye pazia alisimama. "Wewe wa bima. Njoo. Huwezi kutoka nyumba ya harusi unanuka gari."

Waliporudi Marina taa za tramu mpya zilikuwa zinapita chini ya majengo. Kiti cha nyuma kilibeba hotpoti imejaa biriani, na bakuli la mke wa Mzee Famau limejaa halua, kwa kuwa Bi Kuruthum alipoliona tupu aliuliza ni nani huyo asiyefunzwa, na Mzee akamtaja Carolyne bila huruma.

Mlango wa chumba cha walinzi ulikuwa wazi. Linus alikuwa bado amekaa kwenye kistuli kile kile. Wenzake walikuwa wamemwambia yuko huru, lakini hakutoka. Carolyne alipoingia, aliinua uso kabla hajasemeshwa. Nywele za Carolyne, kitenge chake, hata mkoba wake, vyote vilikuwa vinanuka udi.

"Bi harusi amemalizwa kufukizwa?" Linus aliuliza.

"Mpaka visigino," Carolyne akasema. "Bibi anasema ahadi yako imetimia."

Jitu lile la Bungoma lilijifunika uso kwa kofia ya kazi, mabega yakatikisika. Carolyne alikaa sakafuni karibu yake, akamshika mkono, na yeye mwenyewe akalia kidogo, kwa sababu alikuwa amemtisha mtu mwema. Mzee Famau alifungua hotpoti, akaisukuma mbele yao, akajifanya anatafuta kijiko.

Baadaye Linus alifuta macho, akanawa mikono, akakaa wima kama mtu aliyeitwa mbele ya hakimu.

"Haya, madam," alisema. "Sasa niulize."